Mugongo ya Kumi na Mbili

Nimeingia retraite, kupumzika kazi, siku ya ine ya juma yenye ilipita, saa kumi ya mchana. Niko na miaka kumi na saba. Papa Muhindo, muganga wetu wa migongo, aliweka radio ya kiuno yangu kwa dirisha (radio ya kuona mifupa, hapana ile ya kusikiliza habari), akaangalia kamustari ka juu ya mufupa, akasema: «Imefunga. Haukomae tena, mugongo haitapinda zaidi. Kama unapenda kuya kutusalimia, kuya, mais kazi yako imeisha.» Miaka ine, na hapana hata gâteau, keki ya kuagana. Alinipatia mukono, akaniomba nivute mulango vizuri juu baridi inaingia.

Donc ninaandika hii kwa nyinyi benye munaanza. Cheo na mushahara nitaziruka. Mushahara yangu ilikuwa mugongo yenye haikutoboa shati, na cheo ya juu yenye nilipata ni «Chef», jina yenye Papa Muhindo anapatia hata mbuzi ya jirani.

Kazi yenyewe ni hii. Niko na scoliose. Mugongo yangu inapinda sawa herufi S: mbavu za kuume zinasimama nyuma, zinafanya kigongo, na za kushoto zinaingia ndani, zinafanya shimo. Ikipinda kupita kipimo, banakutuma mbali kwa kupasuliwa na kufungwa vyuma. Ikikaa chini ya kipimo, unalala kwenye mukeka kila siku mbele ya masomo, unapumua. Nilipumua miaka ine. Batu bote banapumua, najua, mais mie nilikuwa na horaire, ratiba ya saa.

Mwenye alinivumbua ni fundi wa kushona. Alikata jupe yangu, sketi ya masomo, mara tatu, na kila mara upande wa kushoto uligusa goti na wa kuume ukapanda. Mara ya tatu akatosha pini kinywani, akamuambia mama yangu: «Mama, kitambaa iko sawa. Mutoto njo iko kombo.» Nyumbani kila mutu akatoa hukumu. Mukaka, mama ya baba yangu, akasema ni juu ya bidon ya maji yenye ninabebaka upande moja. Jirani akasema ni kazi ya majirani. Yeye pia ni jirani, mais hakujihesabu. Mama alinishika mukono, tukapanda kilima mpaka kwa Papa Muhindo.

Chumba yake munaijua sasa. Iko nyuma ya centre de santé, kituo ya afya, na zamani ilikuwa depo ya kahawa, na siku ya ukungu ukuta zinanusa kahawa yenye batu bengine walikunywa mbele sisi tuzaliwe. Kwetu Butembo siku ya ukungu ni karibu siku zote. Mama alisukuma mulango, na nikaona batu banasimama ukutani. Makumi mbili na zaidi, weusi, bila kichwa, bila miguu. Mabega, mbavu, kiuno, basi. Bote banatupa mugongo. Dirisha ilikuwa wazi. Upepo ukaingia na ukungu wake, na bale batu bote wakapumua mara moja.

Mama alisema «Yesu» na akarudi nyuma akanikanyaga kidole. Ile njo ajali yangu ya kwanza kazini.

Zilikuwa karatasi. Papa Muhindo alikuwa fundi wa kujenga nyumba mbele asome kinésithérapie, kazi ya kunyoosha viungo, na hakutupa kitu ya kazi yake ya zamani. Vyombo vya kupima migongo bya mahospitali makubwa hatuna, donc anapima migongo yetu sawa vile mutu anapima ukuta. Anakunjua saki ya simenti, anaipiga na mukono mpaka vumbi inatoka, anaigonga misumari ine. Unasimama mbele na singlet, mugongo kwa karatasi, na anazunguka mwili yako na makala. Kisha anakugeuza, anashika kamba ya fundi yenye risasi chini, anaiacha itelemuke toka shingo mpaka fasi mukia ingekuwa kama ungekuwa mbuzi, na anapima kila mufupa iko mbali namna gani na kamba. Kila mufupa inakuwa nukta kwenye karatasi. Nivo ya fundi, ile yenye iko na kapovu ndani ya maji, anaiweka juu ya mbavu zako ukiinama. Kapovu kangu siku ya kwanza kalikimbia mpaka mwisho, kakabakia pale.

«Kanaogopa,» nilisema.

«Hapana,» Papa Muhindo akajibu. «Kanasema kweli. Weye njo unaogopa.»

Karatasi inabakia ukutani mpaka mwenyewe anamaliza kazi. Siku ile anaitosha ukutani kwa mukono yake. Hapana mutu mwingine anaigusa, hata Papa Muhindo, hata mama mwenye anafagia, na ni kwa hiyo vumbi ya pale chini iko na umri kupita yangu.

Sasa mashauri ya kazi, juu nisikufe nayo. Kifuko ya maharagi inaenda chini ya kigongo, hapana chini ya shimo. Kila mutu anakosea mara ya kwanza. Tumia maharagi ya zamani. Ile mupya panya zinaifuata, na mie nililala siku moja juu ya kifuko yenye ilianza kutembea. Unavuta pumzi na pua, unaituma upande wa shimo, pole pole, sawa vile unajaza bidon yenye mdomo kidogo. Kisha unaitosha kati ya meno: sss. Mara makumi mbili. Juma ya kwanza hautasikia kitu. Mwezi wa pili utasikia mbavu moja inafunguka, na inauma, na utacheka juu ya kuuma. Ukisimama mbele ya kioo, angalia mugongo, hapana uso. Kama unaangalia uso utaanza kujipendeza, na nusu saa inapita. Ninasema kitu yenye najua.

Papa Muhindo hakuwa mutu wa maneno mingi. Alikuwa anatembea katikati yetu na mikono nyuma, viatu byake bya mpira havipige kelele, na unashituka tu kidole yake iko juu ya mbavu yako: «Hapa. Hapa mutu haingiaka.» Siku ya kwanza alinifanya ngozi isimame. Mutu gani? Alikuwa anasema pumzi, mais angeweza kusema pumzi.

Mwaka wa pili alianza kushuka muji wa Beni kila mwezi, na wakati wa likizo nilimufuata, juu ya kuonyesha batoto ba kule namna ya kulala kwenye mukeka. Beni ni joto. Kwetu unapumua ukungu. Kule unapumua mchuzi. Alikuwa amepewa sale moja ya kanisa, chumba kubwa ya mikutano, na bagonjwa bengi walitoka mbali, upande wa Mabalako, fasi batu banalima kakao. Bazazi walibaleta na pikipiki, batatu kwenye kiti moja, mutoto wa mugongo kombo katikati sawa kabari. Walikuwa na nguvu ya kazi kupita sisi. Mutoto wa Butembo anaambiwa mara makumi mbili, anafanya kumi na mbili na anahesabu kwa sauti ya kununa. Bale walifanya makumi mbili na wakauliza kama inatosha.

Kisha barabara ikaharibika, hapana juu ya matope, juu ya batu ba bunduki. Mwezi moja bale ba Mabalako hawakukuya. Mwezi wa pili, mashamba yalikuwa yamekimbiwa, na sale ikajaa batu na masufuria na magodoro. Papa Muhindo alirudi Butembo na karatasi kumi na moja za bale batoto, zenye kukunjwa ndani ya gunia. Alizipanga ukuta ya nyuma, msumari kwa msumari, na majina yao chini.

«Benyewe bakuye bazitoshe,» akasema.

Mwezi ikapita, na mwaka. Hapana mwenye alikuya. Na kitu moja nitawaambia sawa nilivyoiona: upepo ukiingia, karatasi zetu za Butembo zilitikisika zote. Zile kumi na moja hazikutikisika. Nilimuuliza Papa Muhindo. Akasema ni juu ya vumbi ya Beni, iko nzito. Alisema akiwa anaangalia fasi ingine.

Tufike kwenye kosa.

Mwaka wangu wa ine, macho ya Papa Muhindo ilianza kuchoka, na nikapewa batoto bapya nibaongoze. (Nilisema cheo nitairuka, ninairuka.) Kulikuwa Soki, miaka kumi na moja, mwenye anauliza mpaka jibu inachoka. Kulikuwa Mumbere, miaka kumi na mbili, mwenye alilala kweli kwenye mukeka, na kukoroma. Shimo zao zilibakia tupu. Niliwapigia makelele, nikawaahidi vyuma, nikawaonyesha kapovu. Mumbere akasema: «Ya Katungu, dada yetu mukubwa, weye uko na miaka ine unapumua na uko bado kombo. Tunafuata nini?»

Ile iliniuma, juu ilikuwa kweli nusu.

Siku moja Papa Muhindo alikuwa kwenye kilio ya jamaa yake, mvua ilipiga mabati tangu asubui, na nilikuwa peke yangu. Nikakunjua saki ya simenti, nikaigonga ukuta ya nyuma, kando ya zile kumi na moja, nikashika makala. Nilipenda kuandika mugongo ya kuchekesha, sawa nyoka yenye imemeza kiti. Mais mukono yangu ilijua migongo mingi sana. Ilianza bega la kuume, ikashuka, na haikutaka kucheka. Ilienda pole pole. Nilikuwa ninaiangalia sawa unaangalia mutu mwingine anaandika. Karibu na kiuno cha kushoto makala ikavunjika, ikaacha fasi tupu, upana wa kidole. Nikaokota kipande, nikaendelea chini yake. Sikujaza ile fasi. Hata leo sijue kwa nini.

Kisha jina. Nilitafuta jina ya hapana mutu, na nikaandika: Kavira, Mabalako. Angalieni ujinga. Kwetu jina inafuata namba yenye ulizaliwa nyumbani, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ba Kavira bako kila avenue, kila benchi ya kanisa. Mutu wa fasi ingine angevumbua jina. Mie Munande, mutu wa kabila ya huku, nilitia mukono ndani ya kikapo ya majina yetu sote, na nikafikiri nimetosha jina yenye haina mwenyewe.

Siku ya ine yenye ilifuata niliwapa Soki na Mumbere hadisi. Nikasema: huyu Kavira alikuya hapa mara ine, mwaka jana, musimu wa kakao. Alikuwa muvivu. Hakujaza shimo yake. Mara ya ine alitosha pumzi, sss, na haikurudi ndani. Alienda zake, mais pumzi ilibakia humu chumbani, na inatafuta shimo yenye iko tupu.

«Shimo ya nani?» Mumbere akauliza.

«Ya kwanza yenye itapata.»

Munapenda kujua kama ilisaidia? Walipumua sawa mivukuto ya bafundi ba chuma. Papa Muhindo alirudi, akapima, kapovu ka Mumbere kakasogea katikati kidogo, na akaniambia «Chef» na sauti ya heshima kwa mara ya kwanza. Ukuta ya nyuma hakuangalia. Alikuwa hapendi kuiangalia, nilijua, na nilitegemea ile.

Mais juma ya tatu Soki alibakia kwenye mukeka, mikono juu ya mbavu, akasema: «Ya Katungu, siye tuko batatu. Kwa nini sss ziko ine?»

Nikacheka. Nikawaambia bafanye tena. Tukavuta, tukatosha, tukamaliza pamoja, nikahesabia mimi mwenyewe. Na kisha ya zetu ikakuya ingine, fupi, toka upande wa nyuma, sawa mutu mwenye amechelewa kidogo. Upepo hapana. Dirisha nilikuwa nimeifunga. Niliangalia ukuta: zile kumi na moja zilikaa kimya sawa siku zote. Ya kumi na mbili ilikuwa inashuka, pole pole, sawa kifua yenye inarudi chini.

«Ni panya,» nikasema.

«Panya haina meno ya kufanya sss,» Mumbere akasema. Meno njo kitu panya iko nayo kabisa, mais sikumurekebisha.

Kutoka ile siku Soki akiingia, mbele ya kutusalimia, alikuwa anageukia ukuta ya nyuma na kusema: «Wavukire, Kavira.» Asubui njema, Kavira. Mara moja nilijikuta ninangojea jibu.

Hadisi haikubakia chumbani. Soki aliipeleka kwa shangazi yake mwenye anauzisha samaki ya kukausha, na samaki inapanda na kushuka barabara ya Beni kila juma. Kisha ya miezi mbili, mchana, mama moja akasimama mulangoni. Alikuwa mwembamba, kikwembe kimoja kiunoni na kingine mabegani, viatu byekundu kwa udongo wa mbali. Alisalimia, akasema: «Mie ni Mama Kavira. Natoka Mabalako. Banasema mugongo ya mutoto wangu iko hapa.»

Papa Muhindo akamupa kiti. Hakukaa. Alieleza akisimama, haraka, sawa mutu mwenye amesema ile mara mingi. Walikimbia shamba, kila mutu na njia yake. Mutoto wake wa miaka kumi na ine, mwenye mugongo kombo, alikuwa anabeba sufuria; alimuona anaingia kwenye kakao, na hakumuona kutoka. Mwaka moja na nusu. Maiti hapana, habari hapana. Picha ziliungua na nyumba. Muchuuzi moja akamuambia kwamba kule Manguredjipa, fasi banachimba zahabu, iko musichana kombo anapikia bachimbaji chakula. Alikuwa tayari amepanda gari ya kwenda kule. Pale kwenye gari njo akasikia habari ingine: Kavira wa Mabalako alifika Butembo, mara ine, mwaka jana, musimu wa kakao.

«Nikashuka,» akasema. «Juu kama alifika hapa musimu wa kakao, ni kusema alitoka kule muzima. Niko hapa Butembo juma mbili. Nimezunguka parokia zote na soko zote. Leo njo nimejua nyumba yenyewe.»

Nilikuwa nimeshika kifuko ya maharagi. Niliendelea kuishika.

Papa Muhindo alifungua kitabu yake ya bagonjwa, akapita kurasa na kidole. Yeye Mama Kavira hakungojea. Alienda mwenyewe ukuta ya nyuma, akapita ya kwanza, ya pili, ya tano, bila kusoma majina. Sijue kama alijua kusoma. Akasimama mbele ya kumi na mbili. Akaweka mikono mbili juu ya mabega ya karatasi.

«Ni yeye,» akasema. Akatelemusha mukono ya kushoto mpaka kiuno, na kidole yake ikaingia ndani ya ile fasi tupu, ikaijaza sawasawa. «Ona. Hapa aliungua na chungu, akiwa mudogo. Ngozi ilibakia nyeupe. Muganga, uliona mpaka hii?»

Papa Muhindo akakuya karibu. Aliangalia mustari ya makala, muda murefu. Kisha akaniangalia mie. Alinivuta mpaka nje ya mulango, ukungu ulikuwa unafika magotini.

«Makala yangu haishukaka hivi. Ni weye?»

«Ni mie, Papa. Nilikuwa ninacheka na batoto.»

«Na huyu mutoto, iko kweli?»

«Hayuko. Nilimutunga.»

Alifunga macho. Nilingojea kofi, na ningelipenda kofi.

«Umuambie.»

«Papa, umuambie weye. Uko mukubwa, atakusikiliza. Ao tumuache atoshe karatasi tu, aende nayo. Atakuwa na furaha.»

«Furaha ya kuzunguka Butembo mpaka azeeke, anatafuta mutoto mwenye hakufika hapa,» akasema. «Na ile gari ya Manguredjipa inaenda bila yeye. Mie sikuandika, Chef. Mwenye aliandika njo atasema. Nitasimama karibu.»

Alisimama karibu. Ninamushukuru kwa ile mpaka leo.

Nilimuambia. Nilisema vibaya, nilianza na Mumbere na kukoroma kwake, mambo yenye haikumuhusu kabisa, mpaka nikasikia sauti yangu inasema: «Mama, hapana mwenye alisimama hapa. Niliandika na kichwa yangu. Jina niliokota tu. Musimu wa kakao niliweka juu hadisi ikuwe tamu.»

Hakulia. Alitosha mukono kwenye karatasi, akaangalia makala kwenye viganja byake.

«Juma mbili,» akasema. «Juma mbili nilikuwa na mutoto mwenye alifika Butembo.» Kisha: «Nani alikuonyesha fasi aliungua?»

«Hapana mutu, mama. Makala ilivunjika.»

«Ilivunjika hapa.»

«Ndiyo.»

«Hapa tu.»

«Ndiyo, mama.»

Aliniangalia sawa vile unaangalia mulango yenye imefungwa na unasikia batu ndani. Nilingojea atukane. Papa Muhindo alikohoa. Mama Kavira akajifunga kikwembe upya, akasema: «Leta makala.»

Nikaleta.

«Bega hii iko juu sana. Ya kwake ilikuwa chini, vidole mbili. Shusha.»

Nilifuta na kitambaa, nikashusha. Akasema hapana, chini tena. Akanishika mukono, akaipeleka yeye mwenyewe. Hapa mbavu zilitoka zaidi. Hapa alikuwa mwembamba, usimupe kiuno ya mwanamuke. Nilikuwa nimeangalia migongo miaka ine, na sijaonaka mutu anajua mugongo sawa yule mama. Aliibeba kwenye mugongo yake mwenyewe mbele itembee. Papa Muhindo alishika kamba na risasi, na yeye akamuonyesha mifupa na kidole, moja moja, hewani mbele ya karatasi: hii ilienda huku, hii ilirudi. Tulibadilisha fasi tatu. Tulipofika kwenye ile fasi tupu ya kiuno, nikasogeza makala.

«Hapa iko sawa,» akasema. «Hapana gusa.»

Tukarudi nyuma, tukaangalia. Ilikuwa mutu sasa. Chumba ilikuwa baridi, na nilisikia karibu na sikio yangu pumzi yenye inatoka kati ya meno, pole pole, mpaka mwisho. Ningeapa ni Soki. Soki alikuwa hajafika bado.

Kisha akaniuliza swali ya kazi, ile ya kweli, yenye hapana mutu alikuwa ameniuliza miaka yote: «Nikifika Manguredjipa, atakuwa amevaa. Watakuwa bengi. Namna gani nitamujua toka mbali, mbele hajageuka?»

Nikamufundisha. Nikamuambia asiangalie mugongo, nguo zinadanganya. Aangalie hewa kati ya mukono na kiuno: kwa mutu wa kawaida dirisha ziko mbili sawa, kwa Kavira ya kushoto itakuwa kubwa na ya kuume itakuwa karibu kufungwa. Aangalie jupe, upande wenye unapanda. Aangalie sufuria inabebwa kiuno gani. Alirudia yote, na akanizungusha chumbani nitembee, nisimame, nibebe bidon, mpaka akasema inatosha.

Alipenda kwenda na karatasi. Papa Muhindo aliangalia misumari, akaniangalia, akajifanya anatafuta miwani. Mama Kavira akaitosha mwenyewe, akaikunja, akaifunga ndani ya kikwembe mugongoni, sawa vile banafungaka mutoto. Alishuka kilima, na kesho yake alipanda gari ya Manguredjipa. Ni miezi tatu sasa. Habari haijakuya.

Niliwaambia Soki na Mumbere kwamba hadisi ilikuwa uongo, Papa Muhindo akisimama pale. Mumbere akasema alijua tangu zamani. Soki alienda ukuta ya nyuma, fasi misumari ine imebakia, akasema «Wavukire» polepole, na akarudi kulala kwenye mukeka. Tulifanya mara makumi mbili. Sikuhesabia sss ziko ngapi. Nyinyi pia, mukiwa mule ndani, muhesabie zenu tu.

Sasa mie nimetoka, na kitu moja sikumaliza, ninakiacha kwenu. Musichana, karibu miaka kumi na sita kwa sasa, wa Mabalako, mbavu za kuume nyuma, alama nyeupe ya moto kiunoni kushoto. Anaweza kuwa Manguredjipa, Beni, ao mbele yenu kwenye foleni ya maji. Batu ba kawaida hawatamuona, juu hawajue kuangalia. Nyinyi munajua. Hapana mumuite kwa jina, mie nilijaribu sokoni juma yenye ilipita, niliona jupe inapanda upande moja, nikaita «Kavira!», wakageuka batano, bote migongo yao sawa ukuta ya askofu, na yule wa jupe akaenda bila kugeuka, akaingia nyuma ya magunia ya makala. Nilikimbia. Nyuma ya magunia hapakuwa mutu, na njia ingine hapana.

Donc musiite. Mumufuate kimya, mufike mbele yake, mumuangalie usoni, na mumuambie mama yake iko muzima.